Mhariri, huyu Milei wa Argentina mnatuandikia nusu nusu

Ndugu mhariri, habari za kazi. Mi ni msomaji wenu wa siku nyingi hapa Mwanza, nauza dagaa pale Mwaloni Kirumba, gazeti nalinunuaga kwa hela yangu siazimi kwa mtu, kwahiyo naomba hii barua muitoe hata kama haitawafurahisha. Nalalamikia ukurasa wenu wa kimataifa na jinsi mnavyomuandika Javier Milei, rais wa Argentina. Tangu achaguliwe Novemba 2023 sijasoma kwenu habari yake hata moja iliyokamilika. Ni nywele, ni msumeno aliokuwa anaubeba kwenye kampeni kuonyesha atakata matumizi ya serikali, ni mbwa wake aliowapa majina ya wachumi, afu mnamalizia na "mwanasiasa wa mrengo mkali wa kulia", basi stori imeisha. Anaamini nini, amefanya nini, wananchi wake imewakuta nini, hakuna.

Na sio kwamba hana la kuandikwa. Yule ni mchumi wa kusomea, anachosema ni kwamba serikali yao imekuwa kubwa mno, inatumia kuliko inachoingiza, ikiishiwa inachapisha noti, noti zikijaa mtaani hela inakosa thamani, kwahiyo yeye akaahidi atakata matumizi, atapunguza vibali na vizuizi, watu waachwe wafanye biashara zao. Unaweza kumpinga, wapo wengi wanampinga na wana hoja zao. Ila hilo jambo linatuhusu sisi tunaolipa ushuru wa mzigo kila siku, sisi tuliokatwa tozo za miamala 2021 mpaka mtu akawa anaogopa kumtumia mama yake hela kwa simu, sisi tulioona 2023 dola ilivyoadimika na waagizaji wa bidhaa wakahangaika. Tunahitaji kujua nchi iliyojaribu njia nyingine imefika wapi.

Juzi kati nilikuwa kwenye meza ya magazeti karibu na soko, mzee mmoja muuza sangara akaona picha yenu ya Milei akaniuliza, "Mwanangu, huyu mwenye msumeno kawasaidia watu wake au kawamaliza?" Nikasoma habari yote, nikageuza ukurasa wa nyuma labda inaendelea, hamna. Picha imekula robo tatu ya nafasi, maandishi mistari michache na yote ni ya vituko. Mzee akabaki ananiangalia.

Usiku nikaingia kwenye simu nikatafuta mwenyewe. Mwaka 2023 mfumuko wa bei Argentina ulifika asilimia 211.4. Yaani kama kilo ya sembe Januari ni shilingi 1,500, mwaka ukiisha unainunua karibu 4,700. Sisi huku ni asilimia 3 na kitu kwa mwaka na bado tunalia! Kule Argentina Desemba 2023 peke yake bei zilipanda asilimia 25.5, na sehemu ya huo mpando ni yeye mwenyewe, maana aliapishwa tarehe 10 na siku chache baadae akaishusha peso kutoka 366 hivi mpaka 800 kwa dola moja. Wizara akazipunguza kutoka 18 kuwa 9. Desemba 2024 mfumuko wa mwezi ukawa asilimia 2.7 na serikali ikamaliza mwaka bila kutumia zaidi ya ilichokusanya, kitu ambacho hawakukiona kwa zaidi ya miaka kumi. Haya yote ni data za wazi, sijapewa na mtu wa chama chake.

Sasa njoo kwenye umaskini, hapa ndo mlinikera kabisa. Alipoingia ulikuwa asilimia 41.7, nusu ya kwanza ya 2024 ukapanda mpaka 52.9, na hiyo mkaitoa kwa hedingi kubwa, naikumbuka, na ilikuwa sahihi kuitoa maana ni mateso ya watu. Nusu ya pili ukashuka mpaka 38.1, takwimu zikatoka Machi 2025, nilinunua gazeti mfululizo nikisubiri, hamkuandika hata mstari. Uchaguzi hivyo hivyo. Septemba 2025 chama chake kimepigwa jimbo la Buenos Aires mkaandika kwa urefu, Oktoba kimepata karibu asilimia 41 nchi nzima na kikaongoza, mkaweka kakipande pembeni ya matangazo ya vifo. Msomaji anayewategemea nyie tu anajua yule mtu ameshaanguka.

Na msidhani namtetea. Kwa namna yenu hii hata mabaya yake yametupita. Tarehe 14 Februari 2025 alipigia debe mtandaoni sarafu ya kidijitali inaitwa LIBRA, thamani ikaruka, ndani ya masaa machache ikaporomoka, watu wakapoteza hela zao, akafuta ujumbe wake na kusema hakujua undani wake, na uchunguzi ukafunguliwa. Siku sita baadae akaenda kwenye mkutano Marekani akampa Elon Musk msumeno jukwaani. Nyie mkatoa nini? Picha ya msumeno! Ya LIBRA kimya, wakati huku kwetu vijana wanaingizwa kila siku kwenye hivyo visarafu vya mitandaoni na ile stori ingewafungua macho. Kule Argentina wazee wastaafu wanaandamana kila Jumatano mbele ya bunge kwa ajili ya pensheni, Machi 2025 mpiga picha za habari, mwenzenu kabisa, akapigwa kichwani na bomu la machozi akaumia vibaya, nalo sikuliona kwenu.

Najua Milei anawatukana waandishi wa habari waziwazi, na huenda hilo linawauma. Lakini mi nafikiri tatizo kubwa ni jinsi mnavyofanya kazi, habari inakuja kutoka mashirika ya nje, mnaitafsiri haraka, nafasi ikiwa ndogo mnakata kuanzia chini, na huko chini ndo kuna takwimu na maelezo ya upande wa pili, kinachobaki juu ni kichekesho. Leo ni Milei, kesho mtamfanyia hivyo hivyo mwanasiasa wa kwetu mwenye mawazo tofauti, mtaandika suti yake na lafudhi yake, sisi tuingie kwenye sanduku la kura hatujui anataka nini.

Jumamosi mna kurasa nyingi za mpira wa Ulaya. Chukueni nusu ukurasa tu hapo, mtafuteni mwalimu wa uchumi, chuo kikuu cha SAUT kipo hapa hapa Malimbe, atueleze bei za vyakula Argentina zikoje kwa kipato cha kawaida, waliofukuzwa kazi serikalini wameenda wapi, wastaafu wanapata kiasi gani, kwanini benki kuu aliyoahidi kuifunga bado ipo, na uchunguzi wa LIBRA umefikia wapi. Picha wekeni yoyote mnayotaka.

Ni mimi msomaji wenu,
Muuza dagaa, Mwaloni Kirumba, Mwanza