Kamtoa Nani?

Wete, Pemba

Shoga yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sie huku hatujambo, mvua imetuachia, karafuu zinakauka, na bibi bado anagombana na kila mtu kama ada yake. Umeniuliza wasichana ninaowasomesha wamekipokeaje kile kitabu cha wachawi ulichokiokota Darajani. Kaa kitako, maana jibu lake halikai kwenye simu.

Kwanza ujue kuwa hakikunifikia mie. Kilimfikia jirani, na jirani alipoliona lile jalada, mshumaa na nyota na msichana mwenye macho ya kijani, alikifunga kwa kanga ndipo akakileta. Hadi magharibi mtaa mzima ulishajua kuwa mwalimu kaletewa kitabu cha falaki cha Kizungu. Mama mmoja akaja mlangoni. Nikamwambia ni hadithi tu, mama, za kutunga. Akaniambia, "Hata hayo mengine huanza na hadithi." Tukakubaliana bintiye asome mchana tu, na akitoka hapa asome Qul audhu zote mbili. Sikuona ubaya.

Tulisomea uani, baada ya alasiri, wakati wa kuchambua karafuu. Mmoja anasoma na kufasiri papo hapo, wengine wamekaa jamvini wanachambua, makonyo huku, karafuu kule, na zamu ikibadilika kitabu kinapita kwenye mikono ile ile. Ukikifungua sasa kimejaa alama za vidole vya kahawia, na kinanukia kuliko siku kilipochapwa.

Hadithi yenyewe wajua zilivyo hizi. Msichana wa miaka 16 kafiwa na mamake, kapelekwa kwa shangazi katika mji mdogo wa Massachusetts, Marekani, siku ya kuzaliwa kwake anaamka moto unamtoka kiganjani. Kumbe ukoo mzima wa kichawi, hakuna aliyemwambia. Halafu wanatokea wavulana wawili, mmoja mpole na mmoja ana siri, na hapo wasichana wangu waligawanyika kama wakati wa uchaguzi, hata kusalimiana ikawa taabu. Kuhusu wavulana sitakuchosha. Wote wawili hawana kazi wala hawamsaidii mtu kuteka maji.

Nataka nikueleze la bibi.

Bibi alikuwa amelala kitandani pale ukumbini, mlango wazi, tasbihi mkononi. Sie tukidhani kalala. Tumefika pale moto unapowaka kiganjani, sura imekwisha, msomaji kanyamaza kidogo ili tushtuke vizuri. Mara sauti ikatoka ndani:

"Huyo mtoto, kamtoa nani?"

Hakuna aliyejibu.

"Si moto umemjia mkononi? Kamtoa nani? Mamake?"

Yule msichana mrefu wa Limbani, ndiye mwenye Kiingereza kizuri, akasema, "Hajamtoa mtu, bibi. Kazaliwa nao."

Bibi alicheka mpaka akakohoa. Akasema, "Haya. Ya bure hayo," akageukia ukutani.

Wallahi tangu siku hiyo kitabu hakikupona. Wewe na mie tumekua tukisikia kwamba katika chama cha wachawi haingii mtu mikono mitupu. Huombwa umtoe mtu kafara, tena wa damu yako, tena yule unayemwonea uchungu. Iwe kweli iwe porojo, mie sijui wala sitaki kujua, lakini ndivyo hadithi zetu zilivyosimama. Mtu anapata mkoba wa uchawi, na mkoba una deni. Hata ndani ya Suratul Baqara, aya ya 102, wale malaika wawili wa Babil, Haruta na Maruta, hawamfundishi mtu mpaka wamwambie sisi ni mtihani tu, usije ukakufuru. Onyo linatangulia. Huyu wa kwenye kitabu hata kuonywa hakuonywa. Kaamka tu, kapiga mswaki, kawa mchawi.

Basi ikawa kila akifanya la ajabu, wasichana wanaitikia kwa pamoja. Kafaulu mtihani wa hesabu kwa kunong'ona: "Kamtoa nani?" Kaisimamisha mvua ili aende ngomani: "Kamtoa nani?" Na alipomfufua yule mvulana mpole baada ya kuchomwa kisu, wakati mwandishi alitaka tulie, mmoja alikifunga kitabu kabisa akasema hataki kudanganywa. Maiti inarudi na kesho yake wanakunywa chai!

Lakini kulikuwa na mmoja, mdogo kuliko wote, haongei sana, alisema neno ambalo mwandishi angelipata angeliandika kitabu kingine. Alisema, labda mama ndiye aliyetolewa. Mama kafa ukurasa wa kwanza, nguvu zimekuja baadaye. "Ila mwenye kuandika mwenyewe hajajua." Nilimtazama. Nimesomesha miaka mingi, na sijapata kuona mwanafunzi anakisoma kitabu chini ya kitabu namna ile.

Sasa nije kwenye ugomvi wangu mwenyewe na mwandishi, maana na mie ninao.

Katikati ya hadithi msichana anagundua kuwa bibi wa mabibi zake alinyongwa Salem. Wajua habari ya Salem, huko huko Massachusetts, mwaka 1692: watu 19 walitiwa kitanzi kwa kushitakiwa uchawi, 14 wanawake na 5 wanaume, na mzee mmoja, Giles Corey, alilazwa chini akapangwa mawe kifuani mpaka akafa kwa kuwa hakukubali kuijibu mahakama. Zaidi ya watu 150 walitajwa. Mwandishi anawaonea huruma sana hawa, kurasa na kurasa. Halafu anafanya nini? Anatuambia walikuwa wachawi kweli! Walikuwa na nguvu, walikutana msituni, na ndio maana mjukuu kazirithi. Hebu fikiri, shoga. Wale watu walikufa wakisema sisi si wachawi. Wengine wangeweza kujiokoa kwa kukiri, wakakataa. Anakuja mtu baada ya miaka mia tatu na zaidi, eti anawatetea, na utetezi wenyewe ni kuwaambia majaji mlikuwa sahihi, ila mngewapenda tu. Ndipo nilipoona bibi kasema kweli zaidi ya alivyokusudia. Zile nguvu hazikuwa za bure. Bei yake wametozwa wale waliokufa.

Niliwaeleza wasichana ushahidi ulivyokuwa. Bridget Bishop, wa kwanza kunyongwa, tarehe 10 Juni 1692: wanaume walisimama mahakamani wakaapa kuwa aliwajia usiku vitandani, akawakalia kifuani wasiweze kusema wala kujinyanyua. Wakacheka, kisha nikawauliza, hayo hamjayasikia kwenu? Kimya. Halafu mmoja akasema polepole, "Popobawa."

Wao hawakuwapo mwaka 1995, lile jini la usiku lilipovuma, lakini sisi tulikuwapo, tena tulilala nje, majamvi yamepangwa uwanjani, wanaume wakikesha na moto. Mie nakumbuka zaidi raha ya kulala nje kuliko hofu. Niliwaambia na lile ambalo watu hawapendi kulisimulia, kwamba huko Unguja mwaka ule ule kundi la watu lilimuua kijana mgonjwa wa akili kwa kudhani ndiye. Na bara, Usukumani, vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, kwa ajili ya macho mekundu tu, macho yaliyoungua kwa moshi wa jikoni. Yule wa Limbani akasema kwao yupo bibi anayeitwa mwanga, yaani mchawi, tangu mamake hajazaliwa, na kosa lake ni kuwa anaishi peke yake na hapendi watoto wachume maembe yake. Wakati anasema hayo mikono haikuacha kuchambua.

Mjadala mkubwa hasa ulikuwa wa Tituba. Kitabuni kapewa mistari miwili, na ndio kosa jengine la mwandishi, maana ndiye aliyekuwa na hadithi. Alikuwa mtumwa wa mchungaji Samuel Parris, katika watatu wa mwanzo kushitakiwa. Alipoona mambo yamemkalia vibaya, alikiri. Akawapa walichokitaka na nyongeza: mtu mwenye nguo nyeusi, ndege wa manjano, panya mwekundu na panya mweusi. Hakunyongwa. Kule aliyekiri aliachiwa roho yake, aliyekana alipelekwa kwenye kamba. Nikawauliza, ungekiri? Nusu walisema ndiyo, mara moja, hata panya wa kijani wangemtaja. Nusu wakasema hapana, kwa sababu akikiri anawaacha watoto wake na jina hilo, na kwenye ukoo uliotajwa haoi mtu. Mmoja akauliza, na wale alioambiwa awataje? Maana Tituba aliwataja wenzake. Magharibi ikaadhiniwa hawajakubaliana, wakaendelea njiani, nikiwasikia mpaka kona ya duka.

Hapo nilileta na kitu changu, nilikuwa nakiweka kama mtu awekavyo halua ya mwisho wa mwezi. Niliwauliza, mwajua kuwa Salem ni jamaa zetu? Hawakuamini. Nikawaambia habari ya mkataba wa Sayyid Said na Wamarekani mwaka 1833, na kwamba balozi mdogo wao wa kwanza hapa Zanzibar, Richard Waters, aliyekuja 1837, alikuwa mtu wa Salem hiyo hiyo. Meli zao zilileta merikani waliyovaa mababu zetu, zikarudi na pembe na karafuu, na sandarusi, ule utomvu mgumu wa mti, ya mwambao ilikwenda kusafishwa kule. Papo hapo mmoja akapiga kofi: basi uchawi wao waliupata kwetu! Ikabidi nimkumbushe hesabu, walinyongana miaka 145 kabla ya huyo balozi. Akajibu, "Basi walituletea wao, ndani ya merikani." Kwa Pemba, shoga, hata historia ya Marekani lazima ipate mganga.

Lakini lililowagusa kuliko kitabu chote ni la Elizabeth Johnson. Huyu alihukumiwa kifo 1693 katika kesi hizo hizo na akanusurika, lakini jina lake lilisahauliwa, wenzake wakisafishwa yeye akabaki mchawi kwenye karatasi. Aliyekuja kumsafisha ni nani? Wanafunzi wa darasa la nane wa North Andover pamoja na mwalimu wao. Waliandika, wakafuatilia, wakasumbua wakubwa, na mwaka 2022 Massachusetts ikamfutia hatia. Watoto wa umri wao, fikiria. Wakaniuliza karatasi za namna hiyo huandikwaje, zinapelekwa kwa nani, sheha anahusika? Nikasema sheha wa Wete hana uwezo huo, lakini nilifurahi wameuliza.

Nikawasomea na kidogo cha Bwana Msa wetu, yule mpelelezi wa *Mzimu wa Watu wa Kale*, kilichoshika nafasi ya kwanza katika mashindano ya hadithi ya mwaka 1957 na 1958. Maiti inakutwa mzimuni, watu wote wameshajua muuaji ni mzimu, na Bwana Msa na kiko chake anauliza maswali ya mtu mzima. Wawili walikipenda. Wengine wakasema kizuri ila hakina mvulana.

Na matokeo ya yote haya ni kwamba wameanza kuandika wao. Msichana wa Mtambwe, anaingia msituni kutafuta kuni, anakuta mkoba umetundikwa mtini, na mkoba unasema bei yake. Mpaka hapo wameelewana. Ugomvi ni nani atolewe. Yule anayechukia kaka yake alipendekeza kaka, kwa sababu anachukua simu yake na kuirudisha haina chaji. Wenzake wakamkatalia, huyo si kafara, hiyo faida. Lazima awe mtu unayempenda. Sasa wamekwama kati ya mama na bibi, na bibi yangu, ambaye anajifanya halali, kasema akitolewa bibi hadithi imekwisha, maana hakuna atakayepika.

Nimekutilia kurasa za mwanzo ndani ya bahasha. Zisome na kalamu nyekundu, usiwaonee haya. Hasa ukurasa wa tatu, msichana anaogopa mno na hatuambiwi miguu yake ilifanya nini. Na ukimwona mtu anayepanda boti kuja Wete, mpe madaftari makubwa ya mistari, haya ya hapa yana kurasa chache na wao wanaandika kwa herufi kubwa. Nisalimie mama na wote wa nyumbani.

Wasalaam,
Mie shoga yako