Mwanangu, kabla hujamlipa mwalimu wa fizikia

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa mama yako. Sisi hatujambo.

Ujumbe wako niliusoma, nikaurudia. Unasema mtihani wa kwanza wa fizikia umekuangusha, kwamba mhadhiri akiwa ubaoni unaelewa kila kitu, lakini ukibaki peke yako na swali huoni hata pa kuanzia. Unaomba tukutafutie mwalimu wa pembeni. Umefanya vizuri kusema mapema. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na kwenye fizikia kifo hicho huja upesi kwa sababu kila sura imekaa juu ya ile iliyotangulia. Asiyezimudu vekta, yaani vipimo vyenye ukubwa na mwelekeo, hawezi kuchora kani, yaani misukumo na mivuto. Asiyeweza kuchora kani hataelewa mwendo. Mkifika kwenye vitu vinavyozunguka, mambo yaleyale yatarudi na majina mapya, na kwenye umeme na sumaku utadaiwa vekta zilezile tena. Kwa hiyo mwalimu atafutwe wiki hii, usingoje mtihani wa mwisho ukaribie.

Gharama niachie mimi. Ila kuna jambo moja nataka ulishike kabla hujaongea na mtu yeyote: usitafute mtu wa kukueleza. Wa kukueleza unaye tayari, na mwenyewe unakiri kwamba anaeleza vizuri. Tafuta mtu wa kukusikiliza wewe ukieleza, akusimamishe pale hasa unapopotea.

Najua utauliza kwa nini nisikufundishe mimi, niliyelifundisha somo hili miaka yote. Mtoto mbele ya baba yake huona haya kusema "hapa sijui kitu", na baba naye hana subira ya kumtazama mwanawe akihangaika na mstari mmoja kwa dakika kumi. Dakika hizo kumi ndizo zenye faida. Mgeni atakuachia uhangaike, mimi ningekunyang'anya kalamu.

Kwanza chukua ule mtihani uliosahihishwa. Najua unachukia kuuona, lakini ukalie mezani. Kando ya kila alama uliyopoteza andika sababu yake kwa maneno yako: sikuelewa swali linataka nini, nilichora kani isiyokuwepo, nilichagua kanuni isiyohusika, nilijua kanuni lakini nikashindwa kuitoa x, nilichanganya sentimita na mita. Ukimaliza, tazama sababu ipi imejirudia. Wengi wanaodai kwamba fizikia imewashinda, kilichowashinda ni aljebra, au pembe na sini na kosini zake. Ukiona ni hivyo, unayemhitaji kwa mwezi wa kwanza ni mwalimu wa hisabati. Lakini ukiona hesabu zako ziko sawa na mchoro ndio mbaya, basi tatizo ni fizikia yenyewe, na mwalimu wa hesabu hatakusaidia hata awe hodari namna gani.

Usijione peke yako katika hili la kuelewa darasani na kukwama chumbani. Eric Mazur, profesa wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard, alikuwa akisifiwa na wanafunzi wake kwa kufundisha vizuri, nao mitihani yenye hesabu ndefu walikuwa wanaifaulu. Siku moja akawapa maswali mepesi ya dhana kuhusu kani, ya aina iliyoanzishwa na Ibrahim Halloun na David Hestenes huko Arizona katika miaka ya 1980. Hayakuwa na hesabu za kutisha. Ni maswali kama hili: lori likigongana na gari dogo, lipi linamsukuma mwenzake kwa kani kubwa zaidi? Mwanafunzi mmoja akamuuliza ajibu kama alivyofundishwa au kama anavyofikiri mwenyewe. Mazur alishtuka, na matokeo yalipotoka akaona wengi wao bado hawajaielewa ile sheria ya tatu ya Newton waliyokuwa wakiikariri bila kukosea, kwamba kitu kikisukuma kingine nacho husukumwa kwa kani iliyo sawa. Kani hizo mbili ni sawasawa. Gari dogo linaumia zaidi kwa sababu tungamo lake (masi) ni dogo, hivyo kani ileile inalitia mchapuko mkubwa, yaani kasi yake inabadilika upesi zaidi. Baada ya hapo Mazur akabadilisha ufundishaji wake kabisa: akawa anatoa swali, kila mwanafunzi anajibu, kisha wanageukiana na kubishana wao kwa wao kabla yeye hajasema neno.

Hicho ndicho ninachotaka ukipate kwa mwalimu wako, mkiwa wawili.

Sasa pa kumpata. Anzia palepale chuoni. Mhadhiri wako ana saa zake za kupokea wanafunzi ofisini, na hizo ni bure. Wanafunzi wengi huziogopa, hivyo mara nyingi ofisi huwa tupu. Nenda na swali moja uliloshindwa, lenye kazi yako yote hata kama ni ovyo, umwonyeshe mstari uliokwamia. Ukishatoka huko, uliza ofisi ya idara kama wanawajua wanafunzi wa shahada ya uzamili wanaofundisha pembeni. Mtu aliyesoma kozi yako hiyohiyo mwaka juzi akafaulu naye ni wa kufikiriwa sana. Anazikumbuka sehemu zinazotega kwa sababu zilimtega juzi tu. Yule anayesahihisha kazi zako usimwendee kwa malipo, hata akikubali. Vyuo vingi havitaki hivyo, na wewe mwenyewe hutakuwa huru kumwonyesha ujinga wako.

Usidanganywe na ukubwa wa shahada. Michelene Chi, mtafiti wa namna watu wanavyojifunza, na wenzake, mwaka 1981, waliwapa wanafunzi wa mwanzo na mabingwa wa fizikia rundo la maswali wayapange kwa makundi. Wanafunzi wakayapanga kwa sura: haya ya mteremko, haya ya springi, haya ya kapi. Mabingwa wakayapanga kwa kanuni inayoyafungua: haya ni ya uhifadhi wa nishati, haya ni ya sheria ya pili ya Newton. Bingwa akilitazama swali anaiona kanuni papo hapo, na mara nyingi hawezi kukwambia ameionaje. Mwalimu wako anatakiwa aweze kurudi nyuma mpaka pale uliposimama wewe, aone mteremko kama unavyouona, kisha akuvushe.

Muulize pia amefundisha kozi ya aina gani. Kuna fizikia inayotumia kalkulasi (hisabati ya mabadiliko), ile ya wahandisi na wanafizikia, na kuna inayoishia kwenye aljebra, ambayo husomwa zaidi na watu wa tiba na baiolojia. Yako ni ya kalkulasi. Aliyezoea ile nyingine atakupa fomula za kukariri mahali ambapo mhadhiri wako anataka uzitoe mwenyewe kwa kuintegreti, njia mojawapo ya kalkulasi. Mtumie orodha ya mada na maswali mawili ya mazoezi kabla hamjakutana, uone atajibu nini.

Kikao cha kwanza kifanye kuwa cha majaribio, lipia hicho kimoja tu. Nitakwambia utazame nini, kwa mfano mmoja ambao nimeuona ukiwanasa wanafunzi kila mwaka.

Mpira umerushwa juu wima na umeshaachana na mkono. Acha habari ya hewa. Chora kani zote zinazoufanyia kazi ukiwa bado unapanda. Wanafunzi wengi huchora mishale miwili, mmoja wa chini wanauita uzito, mmoja wa juu wanauita nguvu ya mkono. Mwalimu wa haraka ataufuta mshale wa juu, atasema "hapa ni uzito peke yake", ataandika fomula, na mtasonga mbele. Utaitikia kwa kichwa, na wiki ijayo utauchora tena. Mwalimu unayemtaka hataufuta. Atauwekea kidole na kuuliza: "Mshale huu, ni kitu gani kinausukuma mpira sasa hivi?" Utasema mkono. "Mkono uko wapi?" Hapo utanyamaza, naye atakuacha unyamaze. Hiyo nguvu uliyoichora haina mwenyewe, na kila kani lazima iwe na kitu kinachoitoa. Ukiligundua hilo kwa kinywa chako, mchoro wako hautakuwa uleule tena.

Kisha atakupeleka kileleni. Pale mpira unaposimama kabla ya kugeuka, kasi yake ni sifuri, mchapuko je? Nao utasema sifuri, karibu kila mtu husema hivyo. Naye atauliza: kama kasi ni sifuri na mchapuko ni sifuri, sekunde inayofuata kasi itakuwa ngapi? Utahesabu, utapata sifuri, na utaona kwamba umeuacha mpira unaning'inia hewani. Mchapuko ni uleule mita 9.8 kwa sekunde kwa sekunde, kuelekea chini, wakati wa kupanda, kileleni na wakati wa kushuka. Sentensi hiyo mhadhiri wako ameshaisema, nina hakika. Ilipita sikioni ikaenda zake kwa sababu hukuwa na swali ambalo inalijibu.

Huyo Chi nimtaje mara moja zaidi, maana aliligusa jambo letu moja kwa moja. Mwaka 2001 yeye na wenzake waliwazuia walimu wa pembeni wasieleze chochote, wawe wanawachokoza tu wanafunzi wazungumze. Somo lilikuwa la mzunguko wa damu, si fizikia, lakini wanafunzi wale walijifunza sawa na wale walioelezwa. Naye mtafiti mwingine, Kurt VanLehn, mwaka 2011 alikusanya tafiti nyingi za masomo ya namna hii. Alikuta kwamba msaada unaofuata kila hatua ya kazi ya mwanafunzi unazaa matunda kuliko ule unaongoja jibu la mwisho na kusema umepata au umekosa. Kwa hiyo ukikutana na mtu anayekuachia karatasi ya maswali kumi kisha anarudi kuweka vema na mkasi, mshukuru, tafuta mwingine.

Ukiamua msome kwa video, ni sawa kabisa, mradi muwe na ubao ambao nyote wawili mnaweza kuuandika, au simu yako ielekezwe kwenye daftari lako. Uso wake sihitaji uuone muda wote. Yeye ndiye anayehitaji kuuona mkono wako unapoandika.

Mkikutana ana kwa ana, iwe maktaba au mahali pengine penye watu. Usilipe muhula mzima mbele. Anayekwambia atakufanyia kazi za nyumbani uzipeleke kama zako, mkate siku hiyohiyo, usimjadili. Na anayekuahidi daraja fulani la juu hajui anachokiahidi, kwa sababu mtihani hatautunga wala kuufanya yeye.

Kwa upande wako, usiende mikono mitupu. Kila kikao nenda na maswali mawili au matatu uliyoyajaribu mpaka ukakwama, na mstari wa kukwama umeupigia alama. Swali ambalo hukuligusa litamfanya alitatue yeye. Mkimaliza swali, funga daftari, chukua karatasi nyingine, ulifanye upya bila kuangalia, yeye akiwepo. Linachosha, najua. Siku mbili baadaye lifanye tena ukiwa peke yako. Saa moja kwa wiki ya kukaa naye haitoshi kama kati ya saa hizo hakuna kazi yako mwenyewe. Mkae mara ngapi, hilo mtapatana. Mimi ningesema mara moja kwa wiki, na mara mbili mkifika kwenye sura za vitu vinavyozunguka.

Baada ya wiki kadhaa, usipime kwa jinsi unavyojisikia ukitoka kwake. Mwalimu anayeeleza kwa ufasaha humwacha mtu amechangamka na hajui kitu. Chukua swali ambalo hamjawahi kulifanya, usilitatue, andika tu kanuni utakayoitumia na sababu yake. Ukiweza kufanya hivyo kwa maswali mengi kuliko mwezi uliopita, endelea naye. Ukiona bado unamsubiri yeye aanze, mwambie wazi. Mwalimu mwema hatachukia, na akichukia, tutafute mwingine.

Ukimaliza kikao cha kwanza na yeyote utakayempata, nipigie picha karatasi mliyofanyia kazi, uitume kama ilivyo, na makosa yake yote. Sitaangalia majibu. Nitaangalia mwandiko wa nani umeijaza. Mama yako anakusalimu sana, anauliza kama miwani yako imeshatengenezwa.

Baba yako