Mashine ya kuona dhahabu toka kilomita moja haipo, mhariri acheni kuitangaza

Ndugu mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua maana tangu nilipoona lile tangazo sijatulia. Nusu ukurasa mzima, jamaa kasimama jangwani kashika kiboksi chenye antena mbili zimechomoza mbele, halafu maneno makubwa kwamba mashine hiyo inaonyesha dhahabu ilipo kuanzia umbali wa mita 1000 na kina cha mita 30. Mhariri, huo ni uongo. Sisemi wameongeza chumvi, nasema ni uongo mtupu, na nasema hivyo kwa sababu kiboksi kama hicho nimeshawahi kukishika kwa mikono yangu miwili.

Tulikuwa wanne, tukachanga hela, tukanunua. Muuzaji simtaji. Tukaingia jangwani siku tatu tunaifuata ile antena, ikigeuka kushoto na sisi kushoto, ikirudi kulia na sisi kulia, mpaka ikasimama sehemu moja haitaki kutoka, basi tukaanza kuchimba. Tumechimba mpaka shimo likanifika kifuani, jua lipo utosini, maji yamebaki lita mbili kwa watu wanne na bado kila tukiipitisha juu inaonyesha hapohapo, kwahiyo kila mtu anasema tusiache sasa hivi tumeshakaribia. Mwenzetu mmoja akaanza kutapika, ngozi imekauka, jasho halimtoki tena, anaongea vitu havieleweki. Tulimbeba mpaka kwenye gari. Alipona namshukuru Mungu, ila yule mtu alikuwa anakufa mbele ya macho yetu. Kiboksi chenyewe tulikuja kukifungua baadae, ndani kuna betri na kataa kamoja ka kuwaka, ile antena haijaunganishwa na chochote, imewekwa tu kwenye bawaba laini ili izunguke.

Sasa mtu atauliza mbona inageuka. Inageuka kwa sababu ya mkono wako. Ukiinamisha kiganja kidogo sana, hata wewe mwenyewe huhisi, antena inakwenda upande huo, na mkono unafuata kile ambacho moyo unatamani, ukiona jiwe jeupe unadhani hapa ipo basi na antena inakwambia ipo. Wala sio watu wajinga tu wanaoingia humu. Kuna Mwingereza mmoja anaitwa James McCormick aliuza vifaa vya aina hiyohiyo, ADE 651, akidai vinanusa mabomu, na serikali ya Iraq ikavinunua ikaviweka kwenye vizuizi vya barabarani, askari wanapitisha magari kwa kuamini antena. Mwaka 2013 mahakama ya Uingereza ikamfunga miaka 10. Kama nchi nzima ilidanganyika, mtu aliyeuza shamba atafute dhahabu atapona vipi?

Ngoja nieleze mashine ya kweli inafanyaje kazi, maana wengi wanaipiga picha bila kuielewa. Ile sahani ya duara chini wanaita koili. Umeme ukipita kwenye koili unatengeneza uwanja wa sumaku unaoingia ardhini, ukikuta chuma au dhahabu au risasi unazalisha umeme mdogo ndani ya kile kipande, na huo umeme mdogo nao unatoa usumaku wake ambao koili inausikia, wewe kwenye hedfoni unasikia mlio. Basi. Hamna kunusa hapo. Na usumaku huu unakufa haraka mno kwenda, na unaporudi unakufa tena, kwahiyo kwa kipande kidogo ukiongeza umbali mara mbili mlio unashuka karibu mara 64. Punje ya saizi ya mchele utaisikia ikiwa sentimita chache tu chini ya koili, kipande kinene kama kidole gumba labda makumi ya sentimita, tena hapo ardhi ikiwa tulivu na wewe mwenyewe una subira. Chukua hesabu hiyohiyo uipeleke mpaka mita 1000 uone inabaki nini.

Maana yake ni kwamba koili lazima ipite juu ya dhahabu yenyewe. Na hakuna anayelikwepa hilo, hata wale waliopata madonge yanayosifiwa dunia nzima. Kevin Hillier mwaka 1980 kule Kingower, jimbo la Victoria, Australia (hapo sio jangwa lakini mashine ni zilezile) alipata donge la kilo 27 na ushee, wakaliita Hand of Faith, na alilipata kwa kupitisha koili juu yake. Jangwa la Sonora, Mexico, mwaka 1989, mtu akatoa donge la kilo 12 lenye umbo la buti, naye alikuwa anatembea na mashine ya kawaida tu ya kutafutia vyuma, hatua kwa hatua.

Kwahiyo ujuzi wenyewe uko wapi? Uko kwenye kujua utembee wapi. Hili ndo jambo ambalo lile tangazo linawaibia watu, linawaambia hamna haja ya kujifunza ardhi.

Jangwa lina sababu yake ya kuwa na madonge juujuu. Dhahabu ilikuwa kwenye mishipa ya kwatsi, lile jiwe jeupe, mamilioni ya miaka mwamba unaoza, unapasuka kwa joto la mchana na baridi la usiku, upepo unabeba vumbi, mvua moja ya ghafla inabeba mchanga, ila dhahabu haiendi mbali kwa sababu uzito wake ni mara 19 ya maji wakati kwatsi haifiki hata mara 3. Vyepesi vinaondoka, nzito inabaki. Sehemu zenye mito mikubwa ingesagwa na kusukumwa mbali mpaka iwe unga, ila jangwani maji ni ya kuvizia, kwahiyo donge linaweza kukaa karibu kabisa na lilipozaliwa, bado lina ncha zake kali. Ukiokota lenye ncha kali, lenye vijiwe vya kwatsi vimeng'ang'ania, simama hapo, usiondoke, mama yake yuko jirani upande wa juu wa mteremko. Likiwa laini limeviringika limeshasafiri.

Mzee mmoja aliyenifundisha baada ya lile balaa alinizuia kuwasha mashine siku mbili nzima. Tulikuwa tunaangalia tu. Ananionyesha makorongo makavu, wapi korongo linakata kona na maji yakipunguza mwendo yanaacha vitu vizito upande wa ndani, wapi mwamba umechomoza na kufanya kama vizingiti, wapi udongo unabadilika rangi kuwa mwekundu na kuna mawe meusi yenye chuma pamoja na kwatsi iliyooza. Na zaidi ya yote alinipeleka kwenye alama za watu wa zamani. Wale waliokuwa wanapepeta udongo mkavu kwa upepo, bila maji, walichekecha kwanza, wakabakiza unga na punje, na yale mabonge ya udongo na mawe makubwa wakayatupa pembeni, sasa humo kwenye marudio yao, yaani hayo mabaki waliyoyatupa, kuna vipande ambavyo wao hawakuvikamata kwa kuwa vilikuwa vikubwa kuliko matundu ya chekecheo. Akaniambia mwanangu, waliotangulia hawakuja hapa kwa bahati mbaya, anza walipoishia.

Dhahabu yangu ya kwanza niliipata siku ya 11. Haikufika nusu gramu. Nililia kabisa, sioni aibu kulisema. Ilikuwa kwenye ufa wa mwamba, chini ya kokoto, na mlio wake ulikuwa laini kiasi kwamba kama ningekuwa nazungusha koili kwa haraka ningeupita. Koili inatakiwa iwe karibu kugusa ardhi, taratibu, kila mzunguko upandie nusu ya ule uliopita. Watu wanazungusha kama wanafyeka majani halafu wanasema eneo halina kitu.

Na hizo siku 10 za kabla nilichimba nini? Misumari, maganda ya risasi, vipande vya makopo, waya, vichwa vya risasi ambavyo vinalia sawasawa kabisa na dhahabu huwezi kutofautisha kwa sikio. Ndo maana mashine ikikuahidi inachagua dhahabu peke yake na kuacha takataka usiiamini sana, donge dogo lina mlio kama wa ile karatasi ya kung'aa ya ndani ya pakiti ya sigara, ukiiambia mashine iache takataka inaacha na dhahabu humohumo. Chimba kila mlio. Kuna pia mawe yenye chuma cha asili yanayolia yenyewe, hayo yaliwasumbua watu miaka mingi hasa kwenye udongo mwekundu wa Australia, mpaka mwaka 1995 kampuni ya Minelab ilipotoa mashine yake ya SD2000 inayotuma usumaku kwa mapigo, na watu wakarudi sehemu zilezile walizokuwa wameshazimaliza wakakuta kumbe hawajazimaliza. Hayo ni maendeleo ya kweli, miaka na miaka ya mahesabu kupata sentimita chache zaidi za kina, afu mtu anakuja na antena anasema mita 30!

Vitu vidogo vya kufanyia kazi nitaje haraka tu. Sururu ndogo, funga sumaku imara kwenye mpini ikusaidie kunyonya vyuma, bakuli la plastiki la kugawia udongo nusu kwa nusu ukipitisha kwenye koili mpaka ukipate kipande, maana cha nusu gramu kwenye mchanga kwa macho hukioni. Hakikisha eneo unaloingia una kibali au mwenyewe kakuruhusu. Maji ukifika nusu geuka, hata kama mlio ndo umeanza kuja. Fukia shimo lako, wanyama wanavunjika miguu humo. Na kuna majangwa usiingie kichwakichwa na mashine yoyote ile, mfano Tibesti kule kaskazini mwa Chad, watu walimiminika kufuata dhahabu kuanzia 2012 na 2013 wakati ardhi ile bado ina mabomu ya kutegwa yaliyobaki toka vita ya Chad na Libya, na bomu nalo lina chuma, linalia kama vitu vingine vinavyolia.

Sasa nirudi kwenu mhariri. Najua gazeti linaishi kwa matangazo na sijawaambia mfunge duka. Naomba kitu kimoja, kabla hamjachapa tena tangazo la namna hiyo mwiteni muuzaji aje na mashine yake ofisini. Chukueni vikopo 10 vinavyofanana, mtu mmoja aweke kipande cha dhahabu chini ya kimoja halafu atoke kabisa chumbani, asibaki mtu yeyote anayejua kiko wapi, ndo muuzaji aingie na antena yake aonyeshe. Rudieni mara 10. Anayebahatisha tu atapata kama mara moja, akizidi bahati mara mbili. Mashine ya kweli ukipitisha koili juu ya vikopo hivyohivyo, mradi sio vya bati na chini hakuna vyuma, itapata zote 10 ndani ya dakika chache. Dhahabu ya kufanyia majaribio kama hamna nitaleta yangu, ile ya siku ya 11, sijaiuza mpaka leo.

Ni mimi msomaji wenu,
Mtafuta dhahabu