Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Shangazi yangu alikimbia mizani

Mheshimiwa Waziri,

Salaam kutoka Mbagala, Dar es Salaam. Nakuandikia habari za shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, anayeuza vitenge karibu na stendi ya Rangi Tatu. Najua una mengi mezani, ila naomba unisikilize mpaka mwisho.

Mwaka 2017 shangazi alikaa foleni kwenye zahanati moja hapa mjini. Hakuwa mgonjwa wa kulala kitandani. Miguu ilikuwa ikimvimba kila jioni, nami nilimsumbua wiki nzima mpaka akakubali twende. Mizani ilikuwa kwenye korido, mbele ya benchi la wagonjwa. Alipopanda, muuguzi alisoma kwa sauti ili mwenzake aandike kwenye kadi: "Mia na nne!" Kisha akaongeza, "Mama, utatuvunjia mizani yetu." Benchi zima likacheka. Shangazi naye akacheka, akashuka, akavaa kandambili zake, akaniambia anatoka kidogo kununua maji. Hakurudi. Presha yake haikupimwa siku ile, wala mwaka ule, wala miaka yote iliyofuata, hadi 2023. Hapo alipimwa akiwa amelazwa kwenye machela, mkono wa kulia hausogei, mdomo umepinda upande mmoja.

Siandiki kumshitaki yule muuguzi. Sura yake hata siikumbuki, na alichokisema kinasemwa kwenye daladala, kwenye vikao vya harusi, na ndani ya nyumba zetu wenyewe. Naandika kwa sababu wizara yako inapambana na unene katika nchi iliyobadili maoni yake kuhusu mwili wa mtu kwa muda mfupi sana, na naona watu kama shangazi wamebanwa katikati.

Nilipokuwa mtoto, shangazi alikuwa fahari ya ukoo. Alipojifungua mtoto wake wa kwanza alilelewa uzazi siku arobaini kamili: mtori, supu ya kongoro, uji wenye pilipili manga, na bibi amekaa mlangoni kuhakikisha bakuli linarudi tupu. Alipotoka nje wanawake walimzunguka, wakamshika mikono, wakasema, "Umenawiri!" Na sifa hazikuwa zake peke yake. Mumewe alipita mtaani kifua mbele, kwa maana mke aliyenawiri ni ushahidi kwamba nyumbani kunaliwa. Mwanamke akitoka arobaini mashavu yamebonyea, wazee walimwita mume pembeni na kumuuliza, "Wewe, mwenzio humlishi?" Kwa mwanamume kitambi kilikuwa na maana hiyo hiyo. Kilisema mambo yake safi.

Kisha ukaja ugonjwa. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na ilipofika miaka ya tisini kila ukoo ulikuwa na kaburi lake jipya. Sisi tuliwazika baba zangu wadogo wawili. Shangazi ndiye aliyewauguza. Aliwabeba kwenda bafuni, na alinisimulia kwamba yule wa mwisho alimbeba kama anavyobeba mtoto wa darasa la kwanza. Miaka ile kukonda hakukuwa jambo la mtu kuangalia mlo wake. Ukikonda, watu walinong'ona kwamba umekanyaga miwaya, wateja wakapungua, mchumba akatafuta sababu. Dawa za kufubaza virusi zilipoanza kutolewa bure mwaka 2004, alama ya kupona tuliyoijua sisi tusiosoma vipimo ilikuwa moja tu: mtu amerudisha mashavu. Mtaa mzima ulipumua ulipomwona jirani ananenepa tena.

Kwa hiyo Mheshimiwa, wataalamu wako wanapomwambia mwanamke wa umri wa shangazi "punguza uzito", neno hilo analisikia na vifo vyote vile ndani yake. Nilimuuliza mwaka jana, tukiwa tunamenya ndizi, kwa nini hakuwahi kujaribu. Alinyamaza kidogo, akasema, "Mwanangu, nikikonda watasema nini? Nitamwambia nani kwamba ni mazoezi?" Sijawahi kuona bango la afya linalojibu swali hilo. Mabango ninayoyaona yana picha ya tumbo na mstari mwekundu.

Na kizazi changu kimegeuka bila hata kuwaaga waliotangulia. Wasichana ninaofanya nao kazi wanavaa mikanda ya kubana tumbo mpaka wanashindwa kumaliza chakula cha mchana. Nguzo za umeme kuanzia Zakhem mpaka Mtoni zimebandikwa karatasi za dawa ya kuondoa kitambi kwa siku saba. Watoto shuleni wana "bonge nyanya" na "tipwatipwa" kwa mwenzao mnene, na bado hawajaiacha "kimbaumbau" ya zamani kwa mwembamba, hivyo hakuna mwili unaosalimika. Harusi tunayochangia leo, kamati ile ile inayodai pilau iwe ya kutosha ndiyo inayomcheka bibi harusi kwamba gauni limemkataa. Mdogo wangu alinunua chai ya kupunguza mwili saluni, pakiti haina maelezo ya viambato, na usiku wa tatu moyo ulimwenda mbio mpaka tukaamka nyumba nzima. Sijui mlikuwa na nini mle, na hilo ndilo linalonitisha. Sibutramini ni dawa ya kupunguza uzito iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya hatari yake kwa moyo, na imekuwa ikikutwa imechanganywa kimya kimya kwenye chai na vidonge vinavyoitwa vya asili katika nchi nyingi. TMDA, mamlaka ya kusimamia dawa na vifaa tiba, iko chini ya wizara yako. Naomba ianze na saluni na nguzo za umeme kabla ya kungoja mtu afe.

Sitetei unene. Nimemvalisha shangazi nguo kwa miezi minne, najua ulichotugharimu. Tafiti za kitaifa za afya ya uzazi na mtoto zinaeleza mwendo wenyewe: mwaka 2010 wanawake wenye uzito uliozidi au unene uliokithiri, wa umri wa miaka 15 hadi 49, walikuwa asilimia 22, utafiti wa 2015-16 ukakuta asilimia 28, na ule wa 2022 ukatukuta tumeshapita theluthi moja, mijini zaidi kuliko vijijini. Utafiti huo huo wa 2022 ulikuta watoto watatu kati ya kumi walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Nyumba moja inaweza kuwa na vyote viwili, mama mwenye kilo mia na mtoto mfupi kuliko umri wake, wote wakila kutoka sufuria moja. Anayedhani hiyo ni habari ya ulafi hajapika kwenye sufuria hiyo.

Sufuria hiyo ina sembe, kwa kuwa dona mtoto anaikataa na dukani haipo. Ina mafuta mengi, kwa kuwa mchicha uliotiwa mafuta ndio unaoteremsha ugali na kumfikisha mtu kesho. Asubuhi ni chai ya sukari na maandazi mawili. Mchana sokoni chakula cha haraka na cha bei nafuu ni chipsi, na kinywaji cha baridi kinachopatikana kila meza ni soda. Chupa ya nusu lita ya kola kwa kawaida ina zaidi ya gramu 50 za sukari, yaani vijiko vya chai kumi na viwili au zaidi. Shirika la Afya Duniani linataka sukari ya kuongezwa isizidi sehemu ya kumi ya nishati ya siku, na kwa mtu mzima hiyo ni kama gramu 50 kwa siku nzima. Basi chupa moja imeshamaliza siku. Shangazi alikuwa akinywa mbili, moja saa sita na moja saa kumi, na hakuna aliyewahi kumwambia hesabu hiyo. Walimwambia ni mnene, jambo alilokuwa akilijua.

Afrika Kusini ilianza Aprili 2018 kutoza kodi kwa kila gramu ya sukari inayozidi gramu 4 katika mililita 100 za kinywaji. Uzuri wa kodi ya namna hiyo ni kwamba inamgusa mwenye kiwanda kwanza: akipunguza sukari, analipa kidogo. Viwanda vilipunguza. Najua kodi ni ya mwenzako wa Fedha, lakini hoja ya afya ni yako kuipeleka barazani, na ukiipeleka mkiwa mnakunywa maji badala ya soda kwenye vikao vyenu, itasikika vizuri zaidi.

Kuhusu mazoezi, tunakumbuka kwamba Desemba 2016 Rais wetu wa leo, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alihimiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi. Shangazi aliitikia. Alitoka alfajiri na raba za mwanawe, akatembea kandokando ya barabara, na kabla hajafika kituo cha pili bodaboda mmoja akampigia kelele, "Taratibu mama, ardhi inatetemeka!" Akarudi ndani. Njia ya waenda kwa miguu yenyewe ilikuwa na mtaro wazi upande mmoja na meza za nguo upande mwingine. Kilichomtoa tena nje, baada ya kiharusi, hakikuwa agizo la mtu. Kikundi cha jogging cha mtaani kwetu kina mkia wa kina mama watembeao nyuma ya wakimbiaji kila Jumapili, wanaimba nyimbo zile zile, wamevaa fulana zile zile, na kijana mmoja hubaki nyuma kuwasimamia kwenye makutano ya barabara. Katikati ya kundi hilo hakuna anayekuzomea. Temeke imejaa vikundi vya jogging, vinajiendesha kwa michango ya elfu moja moja. Vituo vyako vya afya vingevijua kwa majina, daktari angeweza kumwandikia mtu kikundi kama anavyomwandikia dawa.

Sasa nije kwenye neno. Wataalamu wetu wa lishe, kwenye vijitabu na kwenye hotuba, huita unene uliokithiri "kiribatumbo". Kiriba ni mfuko wa ngozi wa kubebea maji. Mwite mtu hivyo mtaani uone kama hamtapigana. Nilikaa kwenye semina moja ambapo mtoa mada alilitamka, na mama wawili waliokuwa mbele yangu wakavuta khanga zao mbele ya matumbo yao kwa pamoja. Hawakuuliza swali lolote siku ile. Tulipofika kwenye UKIMWI tulijifunza, kwa gharama kubwa, kuacha kusema "waathirika" na kusema "watu wanaoishi na virusi". Tulijifunza kwamba mtu anayeaibishwa hajitokezi kupima. Elimu hiyo tunayo, haikuletwa na mgeni, na waliotufundisha wengine bado wako kazini wizarani kwako.

Kuna kingine kidogo ambacho hakihitaji sera. Mkanda wa kipimo cha presha ukiwa mwembamba kwa mkono mnene, unasoma juu kuliko ilivyo. Shangazi alipoanza kliniki baada ya kiharusi, mkanda ulifunguka wenyewe mara mbili, ukashikiliwa kwa mkono, ikaandikwa namba ya kutisha, akaongezewa dozi. Wiki ile alianguka chooni kwa kizunguzungu. Kwenye hospitali kubwa alipopimwa kwa mkanda mpana, presha ilikuwa imeshuka mno. Mganga wa pale alishangaa kwamba hakuna aliyeangalia ukubwa wa mkanda. Ni kipande cha kitambaa na mpira, Mheshimiwa. Kila zahanati iwe nacho kimoja kipana. Na mizani itolewe korido iingizwe chumbani, mtu apimwe mlango umefungwa, uzito uandikwe bila kutangazwa.

Mganga huyo alimwambia shangazi jambo ambalo laiti angeambiwa 2017. Alimwambia si lazima awe mwembamba. Akipunguza kilo tano tu, sita, akabaki hapo, presha na sukari yake vitaanza kutii. Shangazi alimtazama muda mrefu. "Tano tu?" "Tano, mama. Hakuna jirani atakayegundua." Nilimwona mabega yakishuka. Miaka yote alidhani anaombwa awe kama wale aliowabeba kwenda bafuni.

Amepunguza saba. Soda ameacha ile ya saa kumi, ya saa sita bado wanabishana. Mkono wa kulia unashika mkasi sasa, ingawa kitenge anakikata polepole na wateja wake wamejifunza kungoja. Jumanne ijayo ni tarehe yake ya kurudi kliniki, ile ya karibu na nyumbani. Mkanda mpana nimemnunulia mwenyewe duka la vifaa vya hospitali Kariakoo, tutaubeba kwenye mkoba.

Wako mtiifu,
Mkazi wa Mbagala, Temeke