Mwanangu, usije na betri kwanza

Njombe, 14 Septemba 2025

Mwanangu mpenzi,

Kamwene, baba. Huku tumeamka salama. Baridi imeanza kulegea na viazi vya bondeni vimeshavunwa. Juzi uliniambia kwenye simu kwamba likizo ya Desemba unakuja na betri mpya, unaifunga kwenye Landrova ya marehemu baba yako, unapiga stata, na jioni hiyo hiyo tunakwenda nayo sokoni. Nilifurahi sana, maana miaka kumi na tano nimengoja mtu wa nyumba hii aseme neno hilo. Lakini usiku usingizi haukuja. Nimeona niandike, kwa sababu kwenye simu utaniitikia "ndiyo mama" huku unashughulika na mengine, na haya nataka uyasome ukiwa umekaa.

Betri iache mpaka mwisho. Nitakueleza kwa nini, na inanibidi nianze na jambo ambalo sijawahi kukusimulia.

Mwaka 2017 ulikuwa bweni, kidato cha nne. Nilikuwa na vihela kidogo vya pareto, nikamwita fundi mmoja kutoka mjini alifufue gari. Alikuja asubuhi na betri ya lori, akamimina petroli kwenye kabureta kwa kifuniko cha chupa, akapiga stata. Injini ikagoma. Akapiga tena, na tena. Mara ya nne nikasikia mlio kama wa kuni kavu inayovunjika ndani ya debe. Kumbe valvu moja ilikuwa imekamatwa na kutu kwenye njia yake, haipandi wala haishuki, na ile fimbo inayoisukuma ikapinda kama upinde. Fundi akaniambia injini imekwisha, akataka kuninunulia gari kwa kilo kama chuma chakavu. Nilimlipa nauli yake, nikafunga boneti, nikarudishia turubai. Miaka saba gari lilikuwa limelala bila kuvunjika kitu, na dakika tano za stata zikalivunja. Wa kulaumiwa nilikuwa mimi, kwa sababu nilijua. Nimeliendesha gari la aina hii tangu nikiwa bibi shamba kijana kule Makete, na baba yako alinifundisha kwamba lililolala halishtuliwi. Nilitaka tu kulisikia likiwaka.

Basi mwaka huu nimelianza upya, taratibu, na yule mzee anayetengeneza mashine za kusaga. Tulianza Machi. Siku ya kwanza hatukushika hata spana moja, tulitoa viota tu. Panya walikuwa wamejaza manyoya na maganda ya mahindi kwenye chujio la hewa, wakatafuna waya mbili za taa za nyuma. Ndani ya bomba la eksozi manyigu walijenga nyumba ya udongo ngumu kama tofali. Hebu fikiri ungewasha bila kuchungulia humo.

Halafu tukafungua plagi zote nne. Katika kila silinda tulimimina oili iliyochanganywa na dizeli, kiasi cha vijiko viwili vya chakula, tukaacha. Wiki mbili nzima hatukugusa kitu. Dizeli inapenya polepole kati ya pistoni na ukuta wa silinda, inalainisha ringi zilizoshikwa na kutu, nayo haifanyi kazi hiyo kwa kuhimizwa. Baadaye nikaingiza hendeli, kile chuma cha kuzungushia injini kwa mkono, kwenye tundu lake pale mbele, chini ya rejeta, nikavuta. Mara ya kwanza ilisogea upana wa kidole kimoja, nikaishia hapo. Kesho yake vidole viwili. Tukirudisha nyuma kidogo, tukisogeza mbele kidogo, kila jioni baada ya kukamua ng'ombe. Siku ya kumi na moja injini ikazunguka mzunguko mzima, laini, na kwenye matundu ya plagi ikatoka pumzi yenye harufu ya oili ya zamani. Nilikaa kwenye bampa nikalia, mwanangu, wala sikuona aibu mbele ya yule mzee.

Fimbo iliyopinda tulipata nyingine kwenye Landrova iliyokufa huko Makambako. Zipo nane, nyembamba kama penseli ndefu, kila moja na valvu yake. Mzee alizungusha hendeli, mimi nikakaa na tochi nikitazama springi nane zikibonyea na kurudi, moja baada ya nyingine, mpaka nikaridhika kwamba hakuna inayobaki chini. Ile iliyokuwa imekamatwa tuliilowesha kwa mafuta siku tatu, tukaigonga kwa mpini wa nyundo, siyo kwa chuma chake, ikaachia. Tapeti, ule mwanya mdogo unaoachwa juu ya kila valvu, tumeseti milimita 0.25, zote nane. Na hizo itabidi uwe unazikagua kila mara, kwa sababu injini hizi zilitengenezwa wakati petroli ina madini ya risasi, na risasi ile ilikuwa inalinda pale valvu inapokalia. Nchi zetu za kusini mwa Sahara ziliachana na petroli hiyo kufikia mwanzoni mwa 2006. Ni jambo jema kwa vifua vya watoto, ila injini ya zamani inataka jicho la karibu zaidi.

Sasa mafuta. Petroli iliyobaki tenkini ilikuwa ya mwaka 2010. Ilitoka na rangi ya chai ya rangi iliyochemka sana, ikinuka vanishi ya fundi seremala. Hiyo haiwaki vizuri, na mbaya zaidi inaacha utandu wa gundi kila inapopita. Tulishusha tenki zima, tukaweka kokoto safi na maji ya sabuni, tukalitikisa mzee huku na mimi huku, mpaka maji yakaacha kutoka mekundu. Kisha likaanikwa juani wiki nzima. Kabureta ni Zenith, ile ile ya zamani. Ukija kuifungua, vile vitundu vyake usivichokonoe kwa waya hata kama mtu atakuambia ni waya laini. Vimetobolewa kwa kipimo, na ukikipanua kimoja hata kidogo gari litakunywa petroli siku zote na hutajua kwa nini. Mimi nilitumia singa ya brashi ya nailoni, kisha fundi wa pancha akatupulizia upepo.

Pampu ya petroli ndiyo naomba uielewe vizuri kuliko yote. Ina kikombe cha kioo chini na kijiwiko cha kupandishia mafuta kwa mkono. Ndani yake kuna mpira mwembamba unaopanda na kushuka. Ukikaa mkavu miaka mingi unapasuka, na ukipasuka petroli haidondoki chini ambapo ungeiona. Inashuka kimya kimya ndani ya injini, inachanganyika na oili, inaiyeyusha. Gari linawaka, linanguruma vizuri, nawe unafurahi, huku beringi zinasagana bila ulinzi. Kwa hiyo kabla ya kuwasha gari lolote lililolala, chomoa kijiti cha oili, kipake kidoleni, kinuse. Ukisikia petroli, acha kila kitu. Nimeshanunua mpira mpya na kuufunga, lakini nataka uwe na tabia hiyo ya kunusa.

Bodi haina shida kubwa. Ni aluminiamu, maana gari hili lilipoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948 vita vilikuwa vimekwisha juzijuzi na chuma kilikuwa cha mgawo, wakatumia walichokipata. Hata yetu ya 1978 bado ni hivyo. Palipo na unga mweupe, kama chumvi iliyokauka, ndipo aluminiamu inapogusana na chuma na unyevu ukaingia katikati. Nimepasugua na kupaka rangi. Chesisi, ile fremu ya chini, ni chuma, na chuma hakisamehe mvua za Njombe. Nilitandika gunia nikalala chini, nikaigonga kwa nyundo ndogo kutoka mbele hadi nyuma. Palipo pazima panalia kama kengele ya shule. Nyuma kushoto, pale inapofungwa ndoano ya kuvutia, pakajibu kama boga, na nyundo ikazama. Patachomelewa kiraka. Ila sikiliza, baba: tenki liwe mbali, siyo limefunguliwa tu, liwe mbali. Tenki tupu ni la hatari kuliko lililojaa, kwa sababu ule mvuke uliobaki ndio unaolipuka.

Klachi ilikuwa imegandana. Nimekandamiza pedali kwa kigogo cha mwati kilichoegemezwa kwenye kiti, kikakaa hivyo siku nane, na usiku wa siku ya tisa nikasikia "tak" kutoka bandani. Maji ya rejeta tumebadili, hospaipu nne mpya. Oili mpya na chujio lake. Pointi, zile zinazokata na kuunganisha umeme wa kuwashia plagi, nimezipitishia msasa mwembamba.

Breki sijazigusa, nimekuachia wewe. Silinda ndogo za magurudumu zote zimekamata, na mafuta ya breki yamegeuka tope la kahawia, maana hunyonya unyevu wa hewani mwaka hadi mwaka. Nataka vibadilishwe raba zote, mipira yote inayoshuka kwenye magurudumu, na silinda kubwa ifunguliwe. Njia ya Dodoma kuja huku ina maduka ya spea, ulizia Iringa pia. Hatutatoka na hili gari getini kabla hatujatoa upepo kwenye breki na pedali ikasimama juu kama inavyotakiwa. Najua injini ikishawaka, moyo utatamani barabara. Wangu pia utatamani. Tutajizuia wote wawili.

Na matairi. Ukitazama ubavuni, mwisho wa maandishi kuna tarakimu nne. Yetu yameandikwa 3107, maana yake wiki ya 31 ya mwaka 2007. Kashata bado zimesimama, mtu anaweza kukuambia ni mazima. Ukiyabonyeza kwa dole gumba unaona nyufa kama za ardhi ya Septemba. Yatatusaidia kulisukuma nje ya banda, basi.

Sasa ile siku yenyewe. Betri utakayokuja nayo itafungwa baada ya hayo yote. Kwanza tutazungusha injini kwa stata bila plagi, isiwe na mzigo, mpaka taa ya oili izimike. Hapo tutajua oili imefika juu. Ndoo ya mchanga iwe karibu, siyo ya maji. Halafu tutafunga plagi, na mara ya kwanza sitaki stata. Nataka uliwashe kwa hendeli, kama tulivyokuwa tukifanya Makete asubuhi za Julai, wakati barafu nyembamba imelala juu ya majani na betri hainyanyui kitu. Betri itaipa koili umeme wa kuwashia plagi tu. Nguvu itoke mkononi mwako, ili uisikie injini inavyokataa na inavyokubali.

Shika hivi. Dole gumba ulilaze upande mmoja na vidole vingine, usiuzungushie mpini. Vuta kutoka chini kuja juu, usisukume kutoka juu kwenda chini. Injini ikirusha teke, mpini utakuponyoka bila kukuumiza. Mwenzangu mmoja kazini alizungushia gumba lake, akavunjika kifundo, na mpaka leo hanyooshi mkono. Ukishika vizuri, ni vuta moja, ya haraka, na kuachia. Mimi nitakaa kwenye usukani na choki, nikikusikiliza.

Jambo la mwisho, halafu nikalaze kuku. Nilipofuta vumbi chini ya boneti nilikuta maandishi ya baba yako kwa rangi nyeupe: 1 3 4 2. Ndivyo silinda zinavyopokezana kuwaka. Aliandika asije akasahau mpangilio wa waya za plagi. Mbele ya hiyo 2 kuna tarakimu nyingine, kubwa, imepinda, na rangi yake imechuruzika mpaka kwenye bawaba. Ni 5. Ulikuwa na miaka mitano, umejifunza kuhesabu, ukaona baba amesahau kumaliza. Alikuja ndani mikono ina rangi, akaniita nikatazame, na akanikataza kuifuta.

Mzee aliniuliza kama tupige rangi mpya chini ya boneti. Nimemwambia hapo aparuke.

Nikutakie kazi njema. Nijulishe tarehe ya basi ili nikupokee stendi.

Ni mimi mama yako.