Dinari mbili na dirisha la malipo

Mhariri,

Msomaji wako mmoja aliandika majuzi kwamba kwa Mkatoliki matibabu ni jambo la huruma, na kwamba neno "haki" tumeliokota kwa wanasiasa. Naomba nafasi nimjibu. Nilikaa miaka 19 nyuma ya dirisha la malipo katika hospitali ya Kanisa, na ubishi huu niliusikia kila asubuhi, ingawa wenye kubishana hawakujua kuwa ndio huo.

Mwaka 1963 Papa Yohane XXIII, katika waraka wake Pacem in Terris, alipozitaja haki za binadamu alianza na uhai, kisha papo hapo akataja vya kuutegemeza: chakula, mavazi, makazi, mapumziko, matibabu. Akaongeza kuwa mtu ana haki ya kutunzwa anapougua, anapozeeka, anapofiwa na mwenzi wake, au anapokosa riziki pasipo kosa lake. Yohane Paulo II naye, akiandika juu ya kazi mwaka 1981, alitaka mfanyakazi ayapate matibabu kwa urahisi, na kadiri inavyowezekana yawe ya bei nafuu au hata bure. Msomaji mwenzangu akawabishie hao.

Mimi nina la dirishani. Mama mmoja alifika na mtoto mwenye degedege. Utaratibu wetu ulidai malipo ya awali kabla ya kitanda, naye alikuwa na nusu. Hakugomba. Alipiga magoti, akapotea machoni pangu, nikawa nasikia sauti tu ikitoka chini ya kaunta. Kwa bahati sista wa zamu alipita, akasaini, mtoto akalazwa na akapona. Siku ya kuondoka yule mama alinishukuru kama mtu aliyepewa zawadi. Na mimi, naona haya kuliandika hili, nilizipokea shukrani zile. Nikajiona mwema.

Angepita sista mwingine, je?

Najua nitaambiwa oksijeni hainunuliwi kwa rozari. Kweli kabisa, jioni ni mimi niliyehesabu fedha, na kuna miezi mshahara wangu mwenyewe ulichelewa. Lakini hebu soma tena Luka 10. Msamaria aliyemwokota njiani mtu aliyejeruhiwa na wanyang'anyi alitoa dinari mbili akamwambia mwenye nyumba ya wageni: "Mtunze huyu, na chochote utakachogharimu zaidi, mimi nitakaporudi nitakulipa." Mwenye nyumba hakuombwa afanye kazi bure. Deni lilikuwapo, ila halikuandikwa kwa jina la aliyelala na majeraha. Kulibeba deni hilo ni kazi ya kodi zetu, ya bima inayomfikia hata asiye na mshahara, na ya kikapu cha sadaka pale viwili hivyo vinapopungukiwa. Kwa mpangilio huo. Sisi tumezoea kuanzia kwenye kikapu.

Kila tarehe 11 Februari, Siku ya Wagonjwa Duniani, tunawaleta wagonjwa mbele ya altare, wanapakwa mafuta, kwaya inaimba. Ni vizuri. Kesho yake baadhi yao wanarudi dirishani. Ningependa maparoko walio katika bodi za hospitali waende wakaangalie kama lile tangazo la malipo ya awali, hata kwa mgonjwa wa dharura, bado liko ukutani. La kwetu lilikuwapo siku niliyostaafu, limebandikwa chini kidogo ya msalaba.

Keshia mstaafu