Kombe la Dunia la raga halikuanza 1987

Mhariri,

Jumamosi iliyopita, nikiwa bado sijapanga vifaa vyangu nje ya banda hapa Majengo, nilisoma kwenye ukurasa wenu wa michezo kwamba Kombe la Dunia la raga lilianza mwaka 1987. Naomba mrekebishe. La 1987 ni la raga ya yunioni, ile ya wachezaji 15. Raga ya ligi, yenye wachezaji 13 kila upande, ilishacheza Kombe lake la Dunia tangu 1954.

Huenda mtaona ni jambo dogo. Kwangu si dogo, na sababu yake inaanzia kwenye posho ya siku.

Hapo zamani raga ilikuwa moja. Kaskazini mwa Uingereza waliocheza wengi walikuwa wachimba makaa ya mawe na watu wa viwandani, na siku hizo Jumamosi nayo ilikuwa siku ya kazi. Ukienda kucheza, mshahara wa siku hiyo huna. Klabu zao zikaomba ruhusa ya kuwafidia, wakubwa wa mchezo wakakataa. Tarehe 29 Agosti 1895 viongozi wa klabu hizo wakakutana katika hoteli moja mjini Huddersfield, wakajitenga. Huo ndio mwanzo wa raga ya ligi.

Mimi nilikuwa beki wa kushoto wa timu ya mtaa wetu. Tulikwenda Kondoa kucheza, gari likatuharibikia njiani, nikakosa kazi siku mbili. Aliyeniajiri wakati huo akanikata siku zote mbili, na nyumbani mama alikuwa anasubiri hela ya unga. Sikucheza tena. Kwa hiyo nikisoma habari za wale wachimba makaa naelewa walichokuwa wanadai, bila kuelezwa na mtu.

Kombe la Dunia la raga ya ligi ni wazo la Mfaransa, Paul Barrière. Nchini kwake mchezo huu ulipigwa marufuku Desemba 1941 na serikali ya Vichy, ile ya Wafaransa walioshirikiana na Wajerumani wakati wa vita, mali zake zikachukuliwa. Vita vilipokwisha ukafufuliwa, na Barrière, aliyekuwa kwenye mapambano ya siri dhidi ya Wajerumani, akawa rais wa chama chao. Akahimiza hadi mwaka 1954 Ufaransa ikaandaa Kombe la kwanza, timu nne tu: Ufaransa, Uingereza, Australia na New Zealand. Waingereza walikwenda bila wachezaji wao wengi wakubwa, watu wakadhani wataburuza mkia. Tarehe 13 Novemba, katika uwanja wa Parc des Princes jijini Paris, wakawafunga wenyeji 16–12. Aliyepokea kombe ni nahodha Dave Valentine, Mskoti. Kombe hilo hilo likaibwa mjini Bradford, Uingereza, mwaka 1970, na lilipatikana 1990. Miaka 20 mabingwa hawakuwa na kombe lenyewe la kushika!

Mtu ninayetaka wasomaji wenu wamjue zaidi ni Clive Sullivan. Kijana mweusi kutoka Cardiff, mji wa Wales. Alipokuwa mdogo alipasuliwa magoti, miguu na mabega, madaktari wakasema hata kutembea vizuri itakuwa shida. Mwaka 1972 ndiye aliyekuwa nahodha wa Uingereza, mtu mweusi wa kwanza kuongoza timu ya taifa hilo katika mchezo mkubwa. Fainali ilichezwa Lyon dhidi ya Australia. Sullivan alikimbia na mpira karibu uwanja mzima akafunga trai, yaani aliugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa goli la wapinzani. Ikaisha 10–10 hata baada ya muda wa nyongeza, Uingereza ikapewa ubingwa kwa kuwa ilifanya vizuri zaidi kwenye mechi za awali. Mji wa Hull, Uingereza, leo una barabara kubwa yenye jina lake.

Afrika imeingia kupitia Afrika Kusini, mwaka 1995 na 2000. Waliobeba kombe mara nyingi ni Australia, hilo halina ubishi, ila mwaka 2022 Samoa, visiwa vyenye watu kama laki mbili, walifika fainali. Walifungwa 30–10, lakini walikuwa wameitoa Uingereza 27–26.

Nimefika mwaka 2022 makusudi. Mashindano hayo, yaliyoahirishwa mwaka mmoja kwa ajili ya korona, yaliweka pamoja kwa mara ya kwanza wanaume, wanawake na viti mwendo. Mpwa wangu anayesoma chuo hapa Dodoma alinionyesha kwenye simu fainali ya viti mwendo, Uingereza na Ufaransa, mjini Manchester. Nilisimamisha kazi. Nilikuwa na kiti cha binti mmoja mkononi, spoki tatu zimekatika, beringi zimejaa vumbi letu la Dodoma, na kwenye simu naona viti vyenye magurudumu yaliyolala, juu yamekaribiana, chini yametanuka, ili kiti kikigongwa ubavuni kisipinduke. Wanacheza watano kwa watano, wanaume na wanawake pamoja, na hata wasio na ulemavu wanaruhusiwa wawili. Kumkaba mtu ni kumnyofoa utepe begani. Uingereza ilishinda 28–24, nahodha wao Tom Halliwell akafunga trai ya ushindi mwishoni.

Yule binti alikuja kuchukua kiti chake jioni, nikamwonyesha fainali ile. Aliitazama mara mbili. Akaniuliza kama magurudumu ya kiti chake nayo naweza kuyalaza namna ile. Nilimwambia ekseli ya kiti chake haikutengenezwa hivyo, itabidi nichomelee upya, anipe wiki. Tuliifanya kazi hiyo.

Makala yenu haikuwa na mstari hata mmoja kuhusu mchezo huu. Binti huyo hununua gazeti lenu kila Jumamosi. Naomba marekebisho yatoke siku hiyo, ukurasa ule ule.

Fundi baiskeli,
Majengo, Dodoma